Shavu la Kulia la Tahmas Beg

Katika karakana ya Mfalme pale Agra, picha moja ya mtu ilipita mikono mitatu. Wa kwanza alichora mistari, wa pili alipaka rangi, wa tatu alifanya uso, na uso tu. Mimi, Zakariya, nilikuwa mkono wa nne ambao hakuna aliyeuhesabu. Nilibandika picha kwenye kurasa, nikazizungushia maua ya dhahabu, na nikapanga nani aketi mbele ya nani kitabuni.

Nyuso zilikuwa za Parmanand. Kwa miaka ishirini na miwili hakupaka hata kidole cha mtu. Wenzake walimletea amiri aliyekwisha kamilika, joho lake, upanga wake, ua mkononi, ila juu ya shingo paliachwa uwazi mweupe kama yai. Yeye alijaza lile yai. Alikuwa mfupi, mwenye kitambi, mpenda achari ya embe, na waheshimiwa waliokuja kuchorwa walimdhania mpishi.

Amiri hawezi kuitwa kutoka mpakani kila mara Mfalme anapotaka picha yake. Kwa hiyo akipita Agra hata mara moja, Parmanand alimsimamisha kwa saa nzima na kumchora akiwa ametazama pembeni. Baadaye aliunakili mchoro huo kwenye ngozi ya paa iliyokwanguliwa mpaka ikapitisha mwanga, akaitoboatoboa mistari kwa sindano. Siku picha ilipotakiwa, ngozi iliwekwa juu ya karatasi na kupigwapigwa kwa kifuko cha unga wa mkaa. Ukiinua ngozi, uso wa mtu aliyeko Bengali unakutazama kwa vitone vyeusi.

Tahmas Beg, amiri mwenye cheo cha farasi elfu mbili, mlinzi wa ngome ndogo milimani ng'ambo ya Kabul, alikuwa amepita Agra miaka mitatu kabla ya mambo haya. Chini ya jicho alikuwa na baka jeusi, dogo kama punje ya mtama. Parmanand alimchora akitazama kulia, na baka lilikuwa pale, kwenye shavu la kulia.

Mwaka ule Mfalme aliagiza kitabu cha nyuso za maamiri wake wote. Nilipokuwa nikipanga kurasa, nilimwona Tahmas Beg ameangukia ukurasa unaopakana na Raja Bhojpat, mtu mwenye cheo mara mbili ya chake. Wote wawili walikuwa watazame kulia. Maana yake, kitabu kikifunguliwa, Raja anamwangalia Tahmas Beg, naye Tahmas Beg amempa Raja kisogo.

"Hapa watu watauana," nilimwambia Ustadh Lutfullah, mkuu wa karakana. "Raja akikiona kitabu hiki atauliza ni nani aliyemtukana, yule amiri au sisi."

Ustadh alisogeza karatasi karibu na pua. "Mgeuze mdogo."

"Parmanand," nikaita, "mgeuze Tahmas Beg. Atazame kushoto."

"Mbona mwaniletea ugomvi wa watu ambao hata hawajagombana?" akasema Parmanand, lakini mkono ulikuwa tayari umeingia kwenye kasha la ngozi.

Kumgeuza mtu ni kazi ndogo. Ngozi unaipindua, upande wa chini unakuwa juu, unapiga mkaa. Kila mwanafunzi wetu anajua hatari yake. Waislamu hufunga joho upande wa kulia wa kifua na Wahindu upande wa kushoto. Ukipindua ngozi bila kurudisha vifundo mahali pake, umembadilisha mtu dini kwa dakika moja. Jambia nalo huhama, na upanga huenda nyonga isiyo yake. Parmanand alivirudisha vyote. Alihesabu kwa sauti, kama kawaida yake: "Vifundo, kulia. Upanga, kushoto. Jambia, mbele. Haya, bwana, umebaki Mwislamu."

Kisha mchora mistari na mpaka rangi wakafanya yao, yai likarudi kwake, akafanya uso. Mwishoni kabisa alichukua brashi ya unywele mmoja wa mkia wa kindi na kulitia baka chini ya jicho. Tulisimama nyuma yake tukalisifu. Baka lile lilimfanya Tahmas Beg awe Tahmas Beg.

Mtu akitazama kushoto, tunaliona shavu lake la kushoto. Baka lilipaswa kupotea pamoja na shavu lililolibeba. Watu kumi na wawili tulikuwa mle ndani, na hakuna aliyeliona hilo.

*

Kila Alhamisi kazi za wiki zilipelekwa kwa Mfalme. Ustadh alikwenda, nami nilikwenda nyuma yake nimebeba kitabu, maana kurasa zilikuwa bado mbichi na sikumwamini mtu mwingine kuzifungua.

Siku hiyo Mfalme hakuwa na hamu ya picha. Barua ilikuwa imefika kutoka kwa liwali wa Kabul. Ngome ya Tahmas Beg ilikuwa imekabidhiwa kwa maadui bila vita, na liwali aliandika kwamba mlinzi wake amepokea zawadi. Tahmas Beg naye alikuwa ameandika kuwa ghala lilikuwa tupu kwa siku arobaini. Barua mbili, maneno mawili, na Kabul ni mbali.

"Uso wake mnao?" aliuliza Mfalme.

Ndipo nikafungua kitabu.

Mfalme aliamini nyuso. Alikuwa na Hakim Sadruddin, mtu wa elimu ya firasa, aliyesoma tabia za watu kwenye paji, pua na masikio kama wengine wanavyosoma nyota. Hakim alikiinamia kitabu kwa muda mrefu. Alisema paji ni la mtu mvumilivu. Alisema pua ni ya mtu asiye mchoyo. Halafu akaweka kidole karibu na baka bila kuligusa.

"Lingekuwa shavu la kulia," akamwambia Mfalme, "ningesema mtu huyu atafia kwenye kiapo chake. Lakini liko kushoto, Kimbilio la Ulimwengu. Baka chini ya jicho la kushoto ni la mtu anayeuza alichokabidhiwa."

Mfalme alifumba macho kidogo. Akaagiza iandikwe amri Tahmas Beg afungwe minyororo na apelekwe ngome ya Gwalior. Wakati ule watu wa Agra walikuwa na msemo kwamba Gwalior ina mlango mmoja, na mlango huo ni wa kuingilia. Amri ingeandikwa, ingepigwa mihuri yake yote, na ingeondoka na mpanda farasi Jumamosi baada ya adhuhuri.

Tulirudi karakanani, nami nikasimulia kama mtu anavyosimulia habari za barazani. Niliyaiga hata maneno ya Hakim, kidole juu, sauti ya puani. Watu walicheka. Parmanand hakucheka. Alikwenda kwenye kasha, akaitoa ngozi ya Tahmas Beg, akaishika dhidi ya mwanga wa dirisha. Pembeni, kwa mkono wake mwenyewe, alikuwa ameandika jina la mtu huyo. Alipoishika upande mmoja, jina lilisomeka. Aliipindua, jina likarudi nyuma kama maandishi ndani ya kioo.

"Zakariya," akasema, "baka liko kulia."

"Liko kushoto. Nimeliona mwenyewe na Mfalme ameliona."

"Liko kulia kwake. Kushoto nimelitia mimi."

Kicheko kilikatika. Ustadh Lutfullah alikuja, akaichukua ngozi mkononi mwa Parmanand, akaipindua mara mbili, akaikunja.

"Hili lisitoke humu," akasema.

"Ustadh, mtu anapelekwa Gwalior."

"Anapelekwa kwa sababu ya ngome. Wewe ngome umeikabidhi?"

"Anapelekwa kwa sababu ya baka. Zakariya kasema sasa hivi."

"Zakariya kazi yake gundi!" Ustadh alinigeukia kana kwamba mimi ndiye niliyezaa liwali, Hakim na baka. Kisha akashusha sauti. "Sikiliza, Parmanand. Uso ukishakubaliwa na Mfalme, huo ndio uso. Ukisema huu mmoja ni wa uongo, ataniuliza kuhusu mingine. Umegeuza wangapi tangu uanze kazi?"

"Arobaini na mmoja."

"Arobaini na mmoja. Maamiri, maraja, mabalozi. Tutasema nini? Kwamba nyumba ya picha ya Mfalme haijui kulia na kushoto? Watakuondoa kwenye nyuso. Utamaliza maisha yako unapaka nyasi."

Parmanand alinyosha mkono. Ustadh akamrudishia ngozi, naye akaiweka kifuani ndani ya joho lake na kwenda nyumbani kabla ya wakati, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

*

Nilimfuata kesho yake alasiri. Nyumba yake ilikuwa katika uchochoro wa wapaka nguo rangi, na mke wake, Jashoda, alikuwa barazani akipepeta dengu. Parmanand aliketi karibu yake, mikono mitupu.

"Ndiye huyu aliyesema mtu ageuzwe?" Jashoda aliniuliza mimi kwa kumwuliza yeye.

"Ndiye mimi, shemeji," nikasema.

"Karibu ukae. Umekuja kumwambia anyamaze au aseme?"

Sikuwa nimejua mpaka aliponiuliza. "Nimekuja kumwambia afikirie kazi yake," nikasema. "Kule juu hakuna anayemjua Tahmas Beg. Si ndugu yetu. Hata salamu hakutupa siku ile aliposimama achorwe. Alilalamika miguu."

"Ilikuwa imevimba," alisema Parmanand. "Alitoka safari ya siku thelathini. Kila nikimwambia inua kidevu, ananiuliza kama nimemaliza, yeye ana njaa."

Jashoda aliweka ungo chini. "Fumba macho, wewe baba. Nina kovu la mafuta ya moto. Liko mkono upi?"

"Kushoto. Ndani, chini ya kiwiko. Lina mkia unaopanda juu."

"Nani alikuagiza ulitazame mpaka ukalikariri hivyo? Umenichora lini?"

"Sijakuchora."

"Basi miaka ishirini na miwili unatazama watu na kuwarudisha walivyo. Ndiyo kazi yako, sivyo? Nyasi utapaka kesho kutwa. Nyasi nazo zina watu wanaozipenda." Akarudi kwenye dengu zake, lakini safari hii alipepeta kwa nguvu mno, na dengu mbili tatu zilidondoka. "Nitamwambia nini dada yangu, sijui. Nimemtambia miaka yote kwamba mume wangu ni mtu wa nyuso."

Parmanand alicheka, kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi. Akaziokota zile dengu moja moja.

*

Jumamosi asubuhi lilikuwa baraza la hadhara. Mwenye malalamiko husimama nyuma ya uzio wa fedha na kungoja aitwe. Tulikuwapo wote watatu: Parmanand na ngozi yake, Ustadh Lutfullah ambaye hakuna aliyemwita, na mimi na kitabu, kwa kuwa Parmanand alisema bila kitabu hataeleweka. Nilimpa sharti moja. Nitakibeba, lakini sitasema neno.

Alipoitwa alisujudu, akasema maneno machache kuliko tulivyozoea kusikia mbele ya kiti kile.

"Mimi ndiye ninayefanya nyuso. Uso wa Tahmas Beg niliukosea. Baka lake liko shavu la kulia. Nilipindua ngozi na sikuliondoa."

Mfalme alikitazama kitabu, kisha ngozi, ambayo Parmanand aliishika dhidi ya jua ili jina lisomeke, kisha akaipindua ili lisisomeke.

"Nani hapa anamjua Tahmas Beg?" Mfalme aliuliza.

Walijitokeza maamiri sita. Mmoja alikuwa amepigana bega kwa bega naye miaka minne.

"Baka lake liko upande upi?"

Amiri wa kwanza alisema kushoto. Wa pili alisema kulia. Wa tatu alisema anadhani kulia, ila alikuwa anampenda sana kwa hiyo hakuwahi kumchunguza. Yule wa miaka minne alijishika shavu moja, akaligeukia lingine, akakiri kwamba hakumbuki. Wa tano alisema Tahmas Beg hana baka lolote. Wa sita akaona ni busara kurudi mahali pake. Nilimtazama Mfalme, nikaona kwamba yeye mwenyewe, aliyemvisha Tahmas Beg joho la heshima kwa mikono yake, alikuwa anajaribu kukumbuka na hawezi.

"Hakim Sadruddin," akasema.

Hakim alisogea. Alikuwa mtu hodari. Hakupepesa jicho. "Kama liko kulia, Kimbilio la Ulimwengu, basi atafia kwenye kiapo chake. Ndivyo nilivyosema tangu Alhamisi."

"Ndivyo ulivyosema," alisema Mfalme. "Na lile paji? Na ile pua?"

"Paji na pua vinafuata baka."

Mtu mmoja nyuma alikohoa kikohozi cha kicheko. Mfalme hakucheka.

"Nani alikuamuru upindue ngozi?" alimwuliza Parmanand.

Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake, kitabu mikononi mwangu. Ni mimi niliyeona kisogo, ni mimi niliyeita jina lake. Ulimi wangu ulikuwa mzima, na sauti yangu nilikuwa nayo. Parmanand hakugeuka kunitazama.

"Mkono ni wangu," akasema.

"Sikuuliza mkono ni wa nani."

"Amri ilikuwa yangu," ilisema sauti. Ilikuwa ya Ustadh Lutfullah, mzee wa miaka sabini, aliyekuwa ametukataza siku mbili kabla. Alikuwa anajitahidi kupiga magoti na magoti yalikuwa yanakataa. "Nilisema mgeuze. Na baka nililitazama likitiwa, nikalisifu. Na alipotaka kuja kusema, nilimzuia. Wako wengine arobaini waliogeuzwa. Sijui wana nini mashavuni mwao."

Nimefikiria mara nyingi kwa nini alisema. Nadhani alikuja pale kumzuia Parmanand kwa mara ya mwisho, akakuta mambo yamempita. Sina ushahidi. Ninachojua ni kwamba mimi sikusema, na kwamba baada ya yeye kusema, kusema kwangu kusingekuwa na gharama, na hata hapo nilinyamaza.

Uamuzi ulitolewa hapo hapo. Amri ya minyororo izuiwe na ichanwe. Watu wawili waende Kabul wakaulize ghala, wapishi na askari, si mashavu. Ustadh Lutfullah abaki na kazi yake lakini asionekane Alhamisi kwa mwaka mmoja. Parmanand asiguse uso wa mtu tena. Hakim Sadruddin hakuguswa, isipokuwa nililetewa amri nitie karatasi tupu mbele ya ukurasa wa Tahmas Beg, ili kitabu kikifunguliwa asionekane mpaka mtu akusudie.

*

Habari zilifika baada ya mvua. Ghala lilikuwa tupu kweli. Tahmas Beg aliikabidhi ngome baada ya farasi wa mwisho kuliwa, ili wanawake na watoto waliokuwamo waachwe watoke. Pia alipokea zawadi, zulia na jozi ya vipanga wa kuwindia, siku tatu baada ya kutoka, na hakuandika habari zake kwa mtu. Alishushwa kutoka farasi elfu mbili hadi mia saba na kuitwa Agra.

Nilimpelekea Parmanand habari hizo nikidhani zitamuumiza. Alikuwa amepewa kazi ya kusaga na kuchanganya rangi, kwa kuwa hata nyasi zilikuwa na wenyewe.

"Vipanga aliwachukua?" aliuliza.

"Aliwachukua."

"Haya. Hilo ni lake mwenyewe." Akaendelea kusaga.

Tahmas Beg alikuja karakanani mwezi wa pili wa baridi, kwa sababu cheo kipya kilitaka picha mpya. Hakuna aliyemweleza kitu, wala hakuuliza. Alisimama dirishani akilalamika kuhusu ukungu wa mto, na Girdhar, aliyechukua nyuso baada ya Parmanand, akaanza kumchora.

"Inua kidevu, bwana mkubwa."

"Kidevu changu ndicho hicho. Kilichobaki."

Parmanand aliletewa kombe la kuchanganyia rangi ya ngozi. Rangi za maamiri wa kaskazini zilikuwa na kipimo chake, nacho alikijua bila kufikiri: chokaa, udongo mwekundu wa ngeu, manjano kidogo. Alichanganya, akalipeleka kombe kwa Girdhar. Akiwa pale, alimtazama mtu aliyesimama dirishani kwa muda, kama mtu anayetazama mkate usiive kupita kiasi. Tahmas Beg naye alimtazama.

"Wewe mpishi," akasema, "kuna chochote cha kula humu?"

"Ipo achari ya embe na mkate wa asubuhi, bwana mkubwa."

"Lete."

Parmanand aliomba kwanza kombe lirudishwe. Girdhar alimwambia rangi iko sawa, ndiyo ile ile ya maamiri wa kaskazini.

"Amekonda," alisema Parmanand kwa sauti ndogo, "na jua la huko limemchoma." Akaongeza ngeu kwa ncha ya kidole, akakoroga, akaijaribu kwenye ukucha wake akiulinganisha na shavu la yule mtu dirishani. Kisha akaongeza tena kidogo, akampa Girdhar kombe, akaenda kutafuta mkate.